Fundi Picha na Mwezi wa Mushtari

Leo naanza kwa kukiri kosa langu.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alinipandisha juu ya nyumba yao huku Mji wa Kale. Kazi yake ni kupiga picha za pasipoti na za harusi. Amejinunulia darubini ya mtumba, kioo chake hakizidi upana wa kisahani cha kikombe. Penye tundu la kuchungulia alikuwa amechomeka kamera ndogo ya kompyuta, ile ya kuzungumzia na jamaa walioko Arabuni, baada ya kuing'oa lenzi yake ya mbele. Kwenye kompyuta nikamuona Mushtari akitetemeka kama sarafu iliyo chini ya birika la maji.

Kumbe kutetemeka huko ni kwa hewa iliyo juu yetu, wala si ubovu wa darubini. Kijana alirekodi dakika mbili tu, kwa kuwa Mushtari hujizungusha mzunguko mzima kwa muda usiofika saa 10, na ukirekodi sana alama zake zinasogea. Dakika hizo mbili zilitoa maelfu ya picha. Programu ikachagua zile chache zilizopigwa hewa ilipotulia, ikazipanga moja juu ya nyingine, na mistari miwili ya kahawia ikajitokeza waziwazi. Sisi wa pwani tuna bahati hapa: tuko karibu na ikweta, na sayari hupita juu kabisa ya utosi, mahali ambapo hewa ya kupenya ni kidogo. Adui wetu ni mawingu.

Nami, badala ya kumpongeza, nikamuuliza kuhusu alama yake ya hesabu ya kidato cha nne, na lini atarudi chuoni. Alifunga kompyuta polepole. Siku ya tatu dadangu akaniarifu kwamba kijana anatafuta mnunuzi wa darubini.

Nikalala na hilo moyoni. Ndipo nikaanza kusoma habari za Edward Emerson Barnard, Mmarekani ambaye kila mwenye kupiga picha za mbingu analijua jina lake.

Barnard alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 16 Disemba 1857. Babake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mamake aliwalea yeye na kakake katika ufukara, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawakuta humo. Shuleni alikaa kama miezi miwili tu. Kusoma alifundishwa na mama. Hajatimiza miaka 9 akapelekwa kazini kwenye studio ya picha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Juu ya paa la studio palikuwa na mtambo mkubwa wa kukuza picha kwa mwanga wa jua, na mtu alitakiwa auzungushe kutwa nzima kulifuata jua. Watoto wengine walikuwa wakisinzia. Huyu hakusinzia. Na jina la mtambo huo lilikuwa Jupiter, ndiye Mushtari wetu! Mimi hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu.

Alikaa studio hiyo kama miaka 17. Akiwa kijana, mtu alimkopa dola 2 akamuachia kitabu kuwa rehani. Kilikuwa kitabu cha elimu ya nyota, na humo ndimo alimojifunza majina ya nyota alizokuwa akizitazama tangu utotoni bila kujua zinaitwaje. Kisha akanunua darubini yenye kioo cha inchi 5 kwa dola 380, zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwaka. Sijui mamake alisema nini. Nadhani najua dadangu alisema nini.

Mwaka 1877 wanasayansi wakubwa walikutana Nashville. Barnard akamwendea Simon Newcomb, bingwa wa falaki wa nchi ile, amuulize afanye nini. Newcomb akamjibu kwa ukali kwamba kama hajui hesabu basi aiweke darubini kando. Kijana akaenda kujificha nyuma ya nguzo akalia. Niliposoma hapo sikucheka tena.

Ila hakuiuza darubini. Alitafuta mwalimu wa hesabu akamlipa kutoka mfukoni mwake, na usiku akaendelea kutazama. Mwaka 1881 alimuoa Rhoda Calvert, mzaliwa wa Uingereza ambaye kaka zake walikuwa wakifanya kazi studio ileile. Tajiri mmoja alikuwa akitoa dola 200 kwa kila nyota mpya yenye mkia itakayogunduliwa, na Barnard akagundua moja baada ya nyingine. Kwa fedha hizo akajenga nyumba yake.

Mwaka 1883 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikamchukua, na mwaka 1888 akaingia kituo cha Lick, juu ya mlima huko California. Huko mkubwa wa kituo alimnyima darubini kuu kwa miaka kadhaa. Alipopewa hatimaye, alipewa usiku mmoja kwa wiki, Ijumaa. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba 1892 akaona nukta hafifu kandokando ya Mushtari, karibu imezwe na mwanga wake. Ulikuwa mwezi wa tano wa sayari hiyo. Tangu Galileo aione ile minne mwaka 1610, hakuna aliyekuwa ameongeza wowote.

Na aliuona kwa jicho. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito kupokea mwanga, na kabla picha haijakamilika hewa ilikuwa imeshaivuruga sayari. Jicho lake lilisubiri ile nukta ya muda hewa inapotulia. Kazi hiyo ya kusubiri na kuchagua ndiyo inayofanywa leo na kamera ya kompyuta ya mpwa wangu.

Kwa nyota na mawingu meusi ya Njia ya Maziwa, ambayo hayatetemeki hivyo kwenye picha pana, alitumia lenzi ya mtumba iliyotengenezwa kupigia watu picha studio. Ufundi wa utotoni haukupotea. Baadaye alihamia kituo cha Yerkes, Wisconsin, kwenye baridi kali, akafanya kazi huko hadi alipofariki tarehe 6 Februari 1923. Atlasi yake ya picha ilitoka mwaka 1927, yeye hayupo. Nakala zilikuwa 700, kila moja na picha halisi 51 zilizosafishwa kwenye karatasi, na picha hizo zote 35,700 alizikagua mwenyewe moja moja.

Jana nilimpigia simu dadangu. Akaniambia nimechelewa: amepatikana mtu wa Nyali na ameshatoa arubuni ya shilingi elfu tano. Nimezitoa benki asubuhi hii. Baada ya Magharibi naenda Nyali kumrudishia mwenyewe, kisha nipande juu kule kwa kijana, nianze kwa kumuomba radhi.