Aniceti Kitereza: Maisha ya Mwandishi kati ya Kikerewe na Kiswahili

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, ukoo ambao kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Baba yake alifariki Kitereza akiwa bado mtoto mdogo, naye akachukuliwa kulelewa katika makao ya Omukama Mukaka. Hapo alikulia miongoni mwa wazee waliozijua habari za utawala, mila na miiko ya kisiwa. Baadaye aliingia shule ya misheni ya Kagunguli, iliyoendeshwa na Mapadre Weupe, na kutoka huko alipelekwa katika seminari ya Rubya, alikokaa takriban miaka 10. Rubya iko Ihangiro, katika mkoa ambao leo ni Kagera. Hivyo elimu ya kigeni ilimfikisha kijana huyu katika nchi ile ile ambayo jadi ya ukoo wake iliitaja kuwa chimbuko lao.

Kipindi cha Rubya kinastahili kuzingatiwa zaidi kuliko ilivyo kawaida ya wahakiki. Huko Kitereza alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na falsafa na teolojia. Wako wanaopenda kumwona kama mzee wa kijijini aliyehifadhi utamaduni asilia bila kuguswa na mambo ya nje. Kwa maoni yetu picha hiyo haimtendei haki. Aliyeandika riwaya ya Wakerewe alikuwa mtu aliyezoea kuchambua sarufi za lugha ngeni, na yaelekea ni mazoezi hayo yaliyomwezesha kuitazama lugha ya mama yake kama chombo kinachostahili kuandikiwa kitabu kikubwa. Uhalisi wa kazi yake ulitokana na uchaguzi.

Hakupata kuwa padre. Alifanya kazi kwa muda mjini Mwanza, kisha akarejea Kagunguli kuihudumia misheni akiwa katekista, karani na mfasiri. Alimwoa Anna Katura mwaka 1919. Watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo walifariki wote, na mume na mke wakazeeka pamoja bila mrithi. Hatupendi uhakiki unaogeuza kila riwaya kuwa tawasifu ya mtunzi wake. Hata hivyo, si rahisi kusoma habari za Myombekere na Bugonoka, wanandoa wanaosutwa na jamaa kwa kukosa mtoto, bila kukumbuka nyumba ile ya Kagunguli.

Muswada wa Kikerewe ulikamilika mwaka 1945. Padre Almas Simard, Mkanada, ndiye aliyemtia moyo na kujaribu kuutafutia mchapishaji, lakini juhudi hizo hazikufua dafu: lugha yenye wasomaji wachache haikuwa na soko. Tukumbuke kwamba miaka hiyo Aimé Césaire na Léopold Sédar Senghor walikuwa wakijenga hoja ya utu wa Mweusi kwa Kifaransa, mbele ya hadhira ya Ulaya. Kitereza hakuwa na ugomvi wa namna hiyo. Riwaya yake imewekwa katika wakati wa kabla ya kuja kwa wakoloni. Wahusika wake wanalima, wanavua, wanatozwa faini ya pombe ya ndizi kwa kumkosea mkwe na kutafuta mganga wa uzazi, wala hakuna Mzungu anayewatazama. Hadhira aliyoikusudia ilikuwa vijana wa Ukerewe, ambao aliona wanaanza kusahau.

Majina ya watoto wa Bugonoka yanaonyesha jinsi maarifa hayo yalivyofungamana na sarufi. Ntulanalwo maana yake ni kwamba naishi nacho siku zote, na kinachokusudiwa ni kifo. Kifo chenyewe hakitajwi. Ni kiambishi cha ngeli ya 11 tu kinachokiashiria. Bulihwali, jina la binti, huuliza huzuni itakwisha lini. Mwenyeji wa Nyamahanga, katika eneo la Ngara na Biharamulo, hahitaji kufafanuliwa desturi hii. Katika Kirundi na lugha nduguze, Kihangaza zikiwamo, kifo nacho kimo katika ngeli ya 11, na mtoto aliyezaliwa baada ya vifo vingi huweza kupewa jina linalokidokeza bila kukitaja. Guthrie aliiweka Kikerewe katika kanda E, na Kisubi na Kihangaza katika kanda D. Ni Meeussen aliyezileta pamoja katika kanda J. Majina ya watu yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka huo.

Kiswahili huliweka neno kifo katika ngeli ya 7, na kidokezo kile hupotea. Basi Kitereza alipoamua kuitafsiri riwaya yake mwenyewe, alijua anachoacha. Shauri hilo lilitokana na ujio wa Wamarekani wawili, mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliofika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960. Mzee alikuwa na zaidi ya miaka 70 na viungo vyake vilikuwa vikimsumbua, lakini aliikamilisha tafsiri. Majina aliyaacha yalivyo. Kiswahili chake kina mwendo wa Kikerewe, na wahariri wa kawaida wangeweza kukiona kizito. Sisi tunakiona kuwa ni mchango kwa lugha ya taifa, kwa kuwa kiliingiza humo mambo ya bara ambayo Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja ya kuyataja.

Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, miaka 35 baada ya muswada wa kwanza. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Lawama iliyo nzito zaidi dhidi ya riwaya hii ni kwamba imeipamba jamii ya kale. M. M. Mulokozi ameilinganisha na njozi ya William Morris kuhusu jamii kamilifu, na utafiti wa Hartwig mwenyewe unaonyesha kwamba Ukerewe ya karne ya 19 ilijua biashara ya pembe za ndovu na utumwa. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, hasa kwa mwandishi aliyezaliwa katika ukoo wa watawala. Lakini jamii inayomtesa mwanamke kwa utasa si paradiso, na Kitereza hakulificha hilo.

Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig ilianza kutoka mwaka 1991, na ile ya Kifaransa ikafuata. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza. Hakuanzia kwenye matini ya Kiswahili. Aliurudia muswada wa Kikerewe.