MAISHA YA JOSEPH MONTGOLFIER, FUNDI ALIYEYAFANYA MAJI YAPANDE MLIMA



Nyumba yoyote inayojengwa juu ya mlima inaleta swali moja: maji yatatoka wapi? Katika milima ya Kivu mto unapita chini bondeni, watu wanakaa juu. Swali hilo akina mama na watoto wanalijibu kila siku kwa migongo na vichwa vyao. Kwa hiyo inafaa katika kitabu cha yubile tumkumbuke mtu mmoja wa zamani aliyelijibu kwa akili ya mikono yake. Jina lake linajulikana duniani kwa sababu ya puto lililopanda angani, lakini kazi yake iliyo ndogo machoni pa watu ndiyo inayotugusa sisi zaidi.

Joseph-Michel Montgolfier alizaliwa tarehe 26 Agosti 1740 huko Vidalon, karibu na mji wa Annonay, katika Ufaransa. Baba yake, Pierre Montgolfier, alikuwa na kiwanda cha karatasi, naye alijaliwa watoto 16. Joseph alikuwa wa kumi na mbili. Walimpeleka kusoma katika koleji ya Tournon, lakini masomo ya darasani hayakumshika. Alitoroka. Jamaa zake walipompata, alikuwa anachuma majani ya miforosadi yanayolishwa viwavi vya hariri. Wakamrudisha shuleni. Baadaye akaondoka tena, akakaa Saint-Étienne katika chumba kidogo, akijitafutia riziki kwa kuvua samaki, na huku akijaribu kuchanganya dawa na rangi. Rangi ya buluu aliyoitengeneza aliizungusha mwenyewe vijijini kuiuza.

Wengi wangesema kijana huyo amepotea. Lakini kichwa chake hakikuwa kitupu. Hakuweza kujifunza kitu bila kukigusa, na alipokwisha kukigusa alikuwa hakisahau. Alirudi kwenye kazi ya ukoo, akaanzisha viwanda vya karatasi huko Rives na Voiron. Katika hesabu za biashara hakuwa hodari kama mdogo wake Étienne. Katika kubuni vitu hakuna aliyemshinda.

Ndugu hao wawili ndio waliotengeneza puto la hewa ya moto, kwa kitambaa na karatasi. Tarehe 4 Juni 1783 lilipaa huko Annonay mbele ya watu wote. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, huko Versailles, puto jingine lilichukua kondoo, bata na jogoo. Tarehe 21 Novemba watu wawili, Pilâtre de Rozier na marquis d'Arlandes, wakaruka juu ya Paris. Joseph mwenyewe alipanda tarehe 19 Januari 1784 mjini Lyon, pamoja na wenzake sita. Ulaya nzima ilishangilia.

Makelele ya furaha yalipotulia, Joseph alirudi kazini. Kiwanda cha karatasi kinahitaji maji mengi, na maji ya Voiron yalipaswa kupandishwa. Pompi za wakati ule zilitaka mikono ya watu, au farasi, au gurudumu kubwa, au moto wa mvuke unaomeza makaa. Joseph akalitazama jambo ambalo kila fundi wa tiyo analijua: maji yanayokimbia ndani ya tiyo, ukiyazuia ghafula, yanapiga kwa nguvu. Mafundi walilihesabu pigo hilo kuwa adui, maana linapasua tiyo. Yeye akajiuliza kama adui huyo hawezi kufanywa mtumishi.

Mwaka 1796 chombo chake kilikuwa tayari. Alikiita kondoo dume, yaani belie, kwa sababu kinapiga kama kondoo anayepiga kwa kichwa. Kazi yake ni hivi. Maji ya kijito yanateremka katika tiyo ndefu na kutoka nje kwa mlango wa chini. Yanapozidi mbio, yanaisukuma supapu ya mlango huo, nayo inafunga kwa ghafula. Maji yaliyozuiwa yanapiga, yanafungua supapu ya pili, na sehemu yake inaingia katika chungu cha chuma chenye hewa. Hewa ile inabanwa, kisha inayasukuma maji katika tiyo nyembamba inayopanda mlimani. Pigo likiisha, supapu ya pili inajifunga ili maji yasirudi. Ile ya kwanza inaanguka kwa uzito wake na kufunguka, na maji yanaanza kukimbia tena. Hivyo mara nyingi katika dakika moja, mchana na usiku, bila moto, bila mafuta, bila mtu wa kuzungusha.

Tusidhani kuna uchawi. Maji mengi yanashuka ili machache yapande. Tuseme maji yanateremka metre 2 na kupandishwa metre 20: katika kila litre 100 zinazopita, zinafika juu kama litre 6, nyingine zinarudi mtoni. Kidogo? Kijito kinachotoa litre 100 kwa dakika kitafikisha juu zaidi ya litre 8 000 kwa siku moja. Hizo ni bidoni 400 za litre 20, ambazo hakuna mtoto aliyezibeba.

Kabla yake, mwaka 1772, Mwingereza John Whitehurst alikuwa amepandisha maji kwa pigo hilohilo, lakini mtu alipaswa kufungua na kufunga robine kwa mkono. Joseph alisema kwamba yeye alikibuni chombo chake bila msaada wa mtu. Neno lililo hakika ni hili: cha kwake kilijifungua na kujifunga chenyewe. Baadaye mfua kengele wa Le Mans, Ernest Bollée, alikitengeneza vizuri zaidi na kukieneza katika vijiji vya Ufaransa. Mikono iliyozoea kengele za kanisa ikaleta maji pia.

Joseph alifanya kazi katika Conservatoire des arts et métiers huko Paris, na mwaka 1807 akaingizwa katika Institut, baraza la wataalamu wakubwa wa nchi yake. Yeye aliyetoroka shule! Alifariki tarehe 26 Juni 1810 huko Balaruc-les-Bains, akiwa na miaka 69.

Maisha yake yana fundisho kwetu. Belie inaweza kutengenezwa na fundi wa kawaida kwa tiyo za chuma na supapu mbili. Lakini inaweza pia kufa kwa jani moja lililokwama katika supapu, au kwa sababu hewa ya chungu imekwisha kuchukuliwa na maji, na tundu dogo la kuirudisha limeziba. Hapo watu wanasema mashine ya Wazungu imechoka, na watoto wanashika tena njia ya bondeni. Haikuchoka, ilikosa mtu wa kuisikiliza. Basi palipo na belie, achaguliwe kijana mmoja wa kuyasikiliza mapigo yake kila asubuhi. Na tukimwona mtoto asiyetulia na kitabu, lakini anayefungua na kufunga kila kitu mikononi mwake, tusimkatie tamaa upesi. Tumpe chuma, tumpe kazi, tumngoje.