Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi, Tabibu wa Taya na Meno

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi alikuwa mtu wa Andalusi, na nasaba yake yatajwa kuwa ni ya Ansari wa Madina. Jina lake latokana na Madinatuz-Zahra, mji ambao Khalifa Abdur-Rahman An-Nasir alianza kuujenga karibu na Kurtuba mwaka 325 Hijriya (936 Miladia). Ilimu yake aliikusanya katika kitabu At-Tasrif, chenye makala 30. Ya mwisho ni ya kuchoma kwa moto, kupasua na kuunga mifupa, naye akazichora humo ala za kazi hiyo.

Taya likiteguka, aliamrisha lirudishwe upesi, kwani likiachwa huleta homa na maumivu ya kichwa yasiyokoma. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, kwa kuwa fedha hugeuka rangi ikaharibika. Jino lililotokeza likaharibu uso wa mtu, alilipiga tupa hata likalingana na mengine.

Je, huko si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Jawabu ni kuwa kilichokatazwa katika Hadithi ni kuchonga meno kwa kutaka uzuri tu. Ama kuondoa aibu na madhara ni matibabu. Sahaba Arfaja bin Asaad alikatwa pua siku ya Kulab, zama za Jahiliya. Akatia pua ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamrisha atie ya dhahabu. Kwa hiyo wanazuoni wa Kishafi wamejuzisha kufunga meno kwa dhahabu.

Na leo, mtu ambaye taya lake la chini limetokeza hata hawezi kutafuna sawasawa, matabibu kwanza humpanga meno kwa nyaya kwa miezi mingi, ili ya juu na ya chini yapate kukutana; kisha hulikata taya pande zote mbili, wakalirudisha nyuma na kulikaza kwa vibati vya madini. Mlango wake ni ule ule wa dawa.

Wala Az-Zahrawi hakuwa mwepesi wa kisu. Alikemea vinyozi wajinga wang'oao jino zima wakaacha bovu, akawausia wanafunzi wasimpasue mtu bila kujua viungo na mishipa yake, wala tamaa ya mali isiwatie katika ugonjwa usiotarajiwa kupona.

Alifariki baada ya mwaka 400 Hijriya. Katika karne ya 12 Miladia, Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu chake cha upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na matabibu wa Ulaya wakakitegemea kwa mamia ya miaka. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.