Fleming: Mtoto wa mkulima aliyeonya kuhusu nusu dozi

Morogoro. Kabla hujaingia duka la dawa pale Msamvu kuomba amoksilini ya UTI, mjue mtu aliyeanzisha safari ya dawa hiyo.

Alexander Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, huko Scotland. Alikuwa mtoto wa mkulima, kama walivyo watoto wengi wa Mgeta na Matombo kwenye Milima ya Uluguru. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba tu.

Akahamia London, akawa karani wa kampuni ya meli. Urithi wa ami yake ndio uliomfikisha chuo cha udaktari cha St Mary's.

Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Ufaransa, aliona vidonda vilivyooza vikiwamaliza askari walionusurika risasi.

Septemba 1928, alirudi kutoka likizo akakuta ukungu umeota kwenye kisahani cha maabara. Bakteria waliokuwa karibu nao walikuwa wamekufa. Ndiyo ikawa penisilini.

Ila si wote waliokufa kwa penisilini. E. coli, bakteria wa utumbo anayesababisha UTI nyingi, hakutikisika. Mwaka 1940 watafiti wa Oxford waligundua ana kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo.

Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford ndio walioifanya penisilini iwe tiba. Mwaka 1945 wote watatu walipewa Nobel.

Kwenye hotuba yake, Fleming alitoa mfano wa kubuni: mume anaumwa koo, anajinunulia penisilini na kumeza kidogo. Vimelea vinakuwa sugu, vinamhamia mkewe, mke anakufa.

Fleming alifariki London, Machi 11, 1955.

Amoksilini, mjukuu wa penisilini, ilikuja miaka ya 1970 na ikamweza E. coli. Sasa usugu umesambaa. Kwa UTI ya kawaida ya kibofu, WHO inaweka mbele nitrofurantoini, dawa inayojikusanya kwenye mkojo. Amoksilini peke yake haimo kwenye chaguo hizo za kwanza.

Hapa hapa Morogoro, watafiti wa SACIDS, chuoni SUA, wanafuatilia usugu huo kwa watu na mifugo.

Kwa hiyo pima mkojo kwanza, na meza dozi yote uliyoandikiwa. Dawa isiposaidia, ulizia kipimo cha kuotesha mkojo. Ukiwa na homa, maumivu ya ubavuni au ujauzito, nenda hospitali.

Yule mume wa Fleming hakununua dawa feki. Alimeza kidogo, na hakumuuliza mtu.