Padre Libermann na Miaka 12 ya Kungoja

Matokeo ya mitihani yatokapo, nyumba nyingi za Wakristo huingiwa na kimya. Baba alikwisha kuuza ng'ombe, mama alikwisha kuwaambia majirani, na kijana mwenyewe alikwisha kujiona ameketi mbele ya meza ya kazi; kumbe jina lake halimo. Wengine hurudi kutoka seminari na sanduku lao, na majirani huulizana kwa sauti ya chini amekosa nini. Katika saa kama hizo husemwa upesi kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu. Neno hilo ni la kweli, lakini mara nyingi husemwa ili kumnyamazisha mwenye huzuni, kisha aliyelisema huenda zake. Leo twapenda kueleza habari za mtu aliyelijua neno hilo kwa uchungu wake wote, naye ni Padre François Libermann, ambaye wanawe wa kiroho ndio waliojenga misheni ya Bagamoyo.

Alizaliwa mwaka 1802 katika mji mdogo wa Saverne, nchi ya Alsace, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Lazarus Libermann, alikuwa rabi, yaani mwalimu wa Sheria na kiongozi wa Wayahudi wa mji ule, mtu mwenye elimu na aliyeheshimiwa sana. Mtoto aliitwa Jacob. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa kwa ukali katika masomo ya Kiebrania na vitabu vya wazee wa dini yao. Samson, kaka yake mkubwa, alipochagua udaktari badala ya urabi, macho ya baba yalimgeukia Jacob. Yeye ndiye atakayekaa katika kiti cha baba yake. Kwa shabaha hiyo alipelekwa Metz, penye chuo kikubwa cha marabi.

Huko Metz kijana alianza kujifunza Kilatini na kusoma vitabu ambavyo baba yake hakuvijua, na imani aliyolelewa nayo ikalegea. Rafiki mmoja alimpa Injili iliyofasiriwa kwa Kiebrania. Samson naye alikuwa amekwisha kubatizwa. Mwaka 1826 Jacob alikwenda Paris, akapewa chumba katika chuo cha Stanislas, akafungiwa humo peke yake na vitabu viwili vitatu, bila rafiki wala mtu wa kuzungumza naye. Alipiga magoti akamwomba Mungu wa Ibrahimu amwonyeshe njia ya kweli. Mkesha wa Noeli mwaka ule ule alibatizwa, akaitwa François Marie Paul.

Tusilifanye jambo hili kuwa jepesi. Rabi Lazarus alimpenda Mungu wa baba zake, na kwa mwanawe alikuwa ameweka tumaini la uzee wake wote. Alipopata habari aliomboleza kama baba aliyefiwa. Basi, mpango wa kwanza uliovunjika katika habari hii haukuwa wa François, bali wa baba yake, na kijana aliubeba uchungu huo maisha yake yote. Wako wazazi wasomao gazeti hili ambao mtoto wao alikwenda njia wasiyoichagua. Hao watamwelewa rabi huyu kuliko sisi tunavyoweza kueleza.

François sasa alikuwa na mpango wake mwenyewe, nao ulikuwa mmoja tu: kuwa padre. Mwaka 1827 aliingia Seminari ya Saint-Sulpice. Walimu walimpenda, wenzake walimwona mtu wa sala. Mwaka 1829 alikuwa karibu kupewa usubdiakoni, daraja ambayo siku hizo ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya mtu kujifunga moja kwa moja katika utumishi wa altare. Ilikuwa imebaki siku moja tu. Akaanguka kifafa.

Ugonjwa huu wajulikana kwetu, na aibu yake yajulikana pia. Mpaka leo ziko nyumba zinazomficha mwenye kifafa, wapo na wamwogopao asije akawaambukiza, jambo ambalo si kweli kabisa. Dawa zake zapatikana hospitali, wala mtu asidhani kwamba kumwachia Mungu ni kumnyima mgonjwa dawa. Lakini katika miaka ile tiba ya hakika haikuwapo, na sheria ya Kanisa ilimkataza mwenye kifafa kupewa daraja takatifu. Kwa François mlango ulifungwa. Hakuwa na nyumba ya kurudia, kwa maana kwa baba yake hakuwa tena mwana, na kazi nyingine hakujifunza.

Wakubwa wa seminari walimhurumia. Hawakumfukuza, walimpeleka Issy, karibu na Paris, katika nyumba nyingine ya seminari ile, akae kama msaidizi tu. Alifanya kazi ndogo ndogo za nyumba, akatumwa mjini kununua mahitaji, huku akiwaona vijana waliokuja baada yake wakipewa daraja na kwenda zao. Mwaka baada ya mwaka alibaki pale pale. Kwa Samson aliandika kwamba ugonjwa huu ni hazina kwake, kwa kuwa umemwachia Mungu peke yake. Barua hiyo husifiwa sana. Lakini wale waisifuo yafaa wakumbuke na jambo la pili, ambalo yeye mwenyewe alimfunulia rafiki mmoja: kwamba katika miaka hiyo hiyo kila alipovuka daraja la mto Seine alijiwa na wazo la kujitupa majini. Mambo hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja. Aliyekubali mapenzi ya Mungu hakuacha kuumia, na aliyeumia hakuacha kukubali. Twalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba imani yao imekufa kwa sababu machozi hayajakauka. Na aliye na wazo kama lile asikae nalo peke yake. François alilisema kwa rafiki.

Kumbe huko Issy, kati ya ufagio na kapu la sokoni, kazi ilikuwa imeanza pasipo yeye kuiita kazi. Waseminari walikuwa wakimjia, mmoja mmoja, kutaka shauri juu ya sala na juu ya wito wao. Kati yao alikuwamo Frédéric Le Vavasseur, kijana kutoka kisiwa cha Bourbon katika Bahari ya Hindi, ambacho leo chaitwa Réunion, na Eugène Tisserant, ambaye ukoo wa mama yake ulitoka Saint-Domingue, ndiyo Haiti. Wote wawili waliungua moyo kwa ajili ya watu weusi waliokuwa utumwani, au waliotoka utumwani bila mtu wa kuwafundisha. Walitaka lianzishwe shirika la mapadre kwa ajili yao.

Mwaka 1837 Libermann aliitwa Rennes kuwa mlezi wa wanovisi wa shirika la Yohane Eudes. Heshima ilikuwa kubwa, maana aliwalea mapadre wa kesho hali yeye mwenyewe hakuwa hata shemasi. Huko hakufanikiwa. Ugonjwa ulimrudia, wanovisi wengine walimdharau, akajiona mtu asiye na faida mahali popote. Ilikuwa katika giza hilo, mwezi Oktoba 1839, alipoona wazi kwamba yampasa kujitia katika kazi ile ya Le Vavasseur na Tisserant. Aliondoka Rennes mwisho wa mwaka ule bila fedha, bila ahadi ya mtu yeyote, bila daraja. Wengi walimwona amerukwa na akili. Wengine wakamsema kwamba atafuta ukubwa.

Mwanzo wa mwaka 1840 alifika Roma, akapanga chumba duni chini ya paa. Alionana na Papa Gregori XVI, kisha akaandika maelezo ya shirika lililokusudiwa, akayapeleka kwa Idara Takatifu ya Kueneza Imani. Jibu halikuja. Mwenzake aliyefuatana naye alichoka, akaenda zake. Libermann alibaki, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine aliandika mafafanuzi ya Injili ya Yohane. Ndipo likaja jibu kwamba kazi ni njema na yafaa iendelee, ila yeye kwanza awe padre. Yaani alirudishwa mbele ya mlango ule ule uliofungwa mwaka 1829. Alikwenda kwa miguu kuhiji Loreto, kwenye madhabahu ya Mama wa Mungu, safari ndefu ya maskini aombaye chakula njiani. Aliporudi Roma alikuta habari: Askofu wa Strasbourg alikuwa tayari kumpokea. Ugonjwa nao ulikuwa umetulia. Alipewa upadre Amiens tarehe 18 Septemba 1841, naye ana umri wa miaka 39. Siku chache baadaye alifungua unovisi wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria huko La Neuville, nje ya mji ule. Mwezi huo huo Padre Jacques-Désiré Laval, mmoja wa watu wake wa kwanza, alishuka Mauritius, ambako aliwatumikia watumwa waliopewa uhuru mpaka alipofariki mwaka 1864. Huyo alitangazwa mwenye heri mwaka 1979.

Kama habari ingeishia hapa ingekuwa tamu, na msomaji angeweza kudhani kwamba amngojaye Mungu hupewa mwishowe kile alichotaka. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1843 Libermann aliwatuma mapadre 7 na wasaidizi 3 kwenda pwani ya magharibi ya Afrika, kufanya kazi pamoja na Askofu Edward Barron. Walishuka Cape Palmas, katika Liberia ya leo. Ulaya wakati ule haikujua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa mwisho wa karne ile. Katika muda wa miezi michache wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Askofu aliacha kazi. Libermann aliamini kwamba amewapoteza wote, mpaka barua ilipofika ikisema kwamba Padre Jean-Rémi Bessieux na bruda mmoja wako hai, nao wameanza misheni Gabon.

Hapa ndipo fundisho la mapenzi ya Mungu linapokuwa gumu. Kifafa hakikuwa kosa lake, lakini vijana hawa yeye ndiye aliyewatuma. Angeweza kusema kwamba Mungu ametwaa walio wake, akatuma wengine kumi kwa namna ile ile. Hakusema hivyo. Aliomboleza, kisha akaketi kufikiri upya. Mwaka 1846 aliipelekea Roma hati ndefu juu ya misheni za Afrika: kwamba Kanisa halitasimama huko kwa wageni wanaokufa mmoja baada ya mwingine, ila kwa mapadre wazaliwa wa nchi, na kwa shule na mafundisho ya kilimo na ufundi. Mwaka uliofuata aliwaandikia watu wake wa Dakar waache desturi na fahari ya Ulaya, wawe kama watumishi kati ya watu wale, wajifananishe nao. Si wamisionari wote waliofuata shauri hilo, twajua. Lakini lilikwisha kuandikwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipoonyesha utii wake kuliko hata katika miaka ya Issy. Kumwachia Mungu mipango yake kulikuwa ni pamoja na kukubali kwamba mpango wake ulikuwa na kasoro, na kuutengeneza.

Mwaka 1848 alitakiwa kuacha kitu kingine. Lilikuwako Paris Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1703 na Claude Poullart des Places, nalo lilikuwa limedhoofika. Ilionekana vema mashirika mawili yawe moja. Lakini sheria na jina vilikuwa vya lile la kale, kwa hiyo shirika la Libermann, alilolingoja kwa miaka mingi na kulizika watu wake kwa ajili yake, ndilo lililofutwa, na watu wake wakaingia katika lile jingine. Alikubali. Akachaguliwa kuwa mkubwa wao, akalitumikia kwa miaka isiyotimia minne. Tarehe 2 Februari 1852, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, alifariki Paris, wenzake wakiimba Masifu ya Jioni kanisani. Alikuwa na miaka 49. Mwaka 1910 Papa Pius X alithibitisha kwamba alizishika fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa.

Afrika hakuiona kamwe. Mwaka 1863 watu wa shirika lake, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifika Unguja, na mwaka 1868 wakavuka mlango wa bahari kwenda Bagamoyo, ambako waliwalea watoto waliokombolewa sokoni na kuanzisha kijiji cha Wakristo waliotoka utumwani. Kutoka huko walikwenda bara, hata mwaka 1890 wakafika Kilema, kwenye Kilimanjaro. Wengi walikufa kwa homa ile ile iliyowaua wenzao wa Cape Palmas. Makaburi yao yako Bagamoyo, katika uwanja wa misheni, na wengi waliozikwa humo walikufa wakingali vijana.