Dakta Krapf: Mgeni wa Mvita Aliyefunzwa na Homa

Ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosine Krapf na mwanawe mchanga. Ni kaburi la kumbukumbu kubwa, maana mume wa marehemu huyo alimwomba Mola wake afya, akajaaliwa subira.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Aliitwa Dakta, lakini udaktari wake ulikuwa wa elimu, si wa dawa. Alitumwa na wamisionari wa CMS kwenda Uhabeshi. Mlango wa huko ukafungwa. Njiani walimzika mtoto wao wa kwanza, Eneba, jina ambalo maana yake ni chozi.

Mwaka 1844 walifika Unguja. Seyyid Said akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake, nao wakahamia Mvita. Haukupita muda mrefu homa ikawaingia nyumbani. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike; tarehe 13 akafariki, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hata kuinuka kumtazama mkewe kulikuwa kwa taabu kubwa.

Basi huyu aliyekuja kuponya roho za watu ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza. Hakuacha imani yake wala hakurudi kwao. Aliishika tena kazi ya kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyoianza mwezi Juni kwa msaada wa Sheikh Ali bin Mohiddin, Kadhi wa Mombasa. Kadhi alijua dini zao ni mbali mbali, lakini hakumnyima mgeni elimu yake. Ni kweli pia kwamba vitabuni mwake Krapf aliwaandika Waislamu wa pwani kwa maneno makali, hilo halifichiki.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wakahamia Rabai. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, wakimpanda kwa zamu. Huko Rabai, wa kwanza kubatizwa hakuwa mzee wa kaya wala tajiri. Alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu na kufa. Akabatizwa mwaka 1851, akafariki. Miguu yake haikunyooka, ila alipata watu wa kuketi naye na kumfunza, jambo ambalo mgonjwa hulithamini kuliko dawa nyingi.

Maradhi yalimwondoa Krapf pwani mwaka 1853. Alifariki kwao Korntal mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa.

Kuomba afya si aibu kwa mja wa dini yoyote. Krapf aliomba, akakosa aliyoyataka, na bado akawa na nafasi ya kumhurumia aliye dhaifu kuliko yeye.