Msomi aliyejifundisha kuzitawala ndoto zake

MNAMO 1867 kilichapishwa jijini Paris, Ufaransa, kitabu kuhusu ndoto na njia za kuziongoza. Jalada lake halikuwa na jina la mwandishi. Aliyekiandika alikuwa Marie-Jean-Léon d'Hervey de Saint-Denys, mwanazuoni wa lugha ya Kichina, ambaye mwaka uo huo alihudumu kama kamishna wa sehemu ya China katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris. Si vigumu kukisia ni kwa nini mtu wa hadhi yake aliona heri jina lisitajwe. Wakati huo ndoto zilihesabiwa kuwa mambo ya wapiga ramli.

D'Hervey alizaliwa Mei 6, 1822, katika ukoo wa kikabaila. Hakupelekwa shuleni pamoja na watoto wengine, bali alisomeshwa nyumbani, na alipomaliza masomo ya siku alipenda kuchora. Siku moja, akiwa na umri wa miaka 13, alichora ndoto iliyomkaa akilini. Mchoro ulimpendeza, akaazimia kuweka daftari maalumu na kuandika humo kila asubuhi aliyoyaona usiku.

Mwanzoni kurasa nyingi zilikuwa na mapengo kwa kuwa alisahau. Lakini kadiri alivyozoea kujiuliza mara tu alipofumbua macho, ndivyo kumbukumbu ilivyonoleka, hadi ikawa nadra kukosa la kuandika. Kazi hiyo ilizaa daftari 22 zenye michoro ya rangi, zikiwa na habari za usiku 1,946, yaani zaidi ya miaka mitano.

Zoezi hilo lilileta jambo ambalo hakulitarajia. Usiku wa 207, akiwa amelala fofofo, alitambua kwamba alikuwa akiota. Jambo hilo lilirudi usiku wa 214. Miezi sita baadaye lilimjia takriban siku mbili kwa kila tano, na baada ya miezi 15 likawa la karibu kila usiku. Maelezo yake ni mepesi: mtu anayewazia ndoto zake mchana kutwa hatimaye huota kwamba anaziwazia, na hapo hung'amua aliko.

Uwezo huo ulimfaa katika jambo lililokuwa likimtesa. Kulikuwa na jinamizi lililomrudia, ambamo mazimwi ya kutisha yalimkimbiza kutoka chumba hadi chumba, naye akihangaika kufungua milango na kuifunga nyuma yake. Lilipomjia mara ya nne, alikumbuka kwamba anaota. Badala ya kukimbia aliegemea ukuta, akamkazia macho zimwi aliyekuwa mbele ya wenzake na kumchunguza kama mchoraji achunguzavyo kielelezo chake. Zimwi huyo alifanana na mashetani yaliyochongwa kwenye malango ya makanisa makuu. Wale wengine walitoweka, naye akapungua nguvu hadi akawa kama vazi kuukuu linaloning'inia. D'Hervey aliamka, na tangu hapo jinamizi hilo likakoma.

Hata hivyo, majaribio yake yenye uzito zaidi ni yale ya milango ya fahamu. Alitaka kujua iwapo kitu kilichonuswa au kusikika mchana kingeweza kutumiwa kuita ndoto fulani usiku. Alipokwenda kukaa siku 15 hivi katika nyumba ya mashambani huko Vivarais, kusini mwa Ufaransa, alinunua manukato ambayo hakuwahi kuyatumia. Chupa hakuifungua hadi alipofika. Kila siku alitia matone kwenye leso yake, na siku ya kuondoka akaifunga kabisa.

Miezi ilipita. Kisha akampa mtumishi wake chupa ile na kumwagiza amwagie matone kwenye mto asubuhi yoyote angali usingizini, bila kumwambia ni lini. Siku kadhaa zilikwenda bure. Asubuhi moja aliota yuko Vivarais, akitazama milima na miti ya chestinati waziwazi kabisa. Alipoamka alinusa, na mto ulikuwa ukinukia.

Hakutosheka. Manukato mengine aliyafunganisha na chumba cha rafiki yake mchoraji, kisha akaagiza yote mawili yamwagwe pamoja. Safari hiyo aliota yuko mezani Vivarais, mara mlango ukafunguliwa na mchoraji akaingia. Muziki nao haukuachwa. Alipatana na kiongozi wa bendi kwamba apigapo dansi na bibi mmoja upigwe wimbo fulani, na kwa bibi wa pili wimbo mwingine. Baadaye alitegesha kisanduku cha muziki pamoja na saa ya kengele, nyimbo zikalia alfajiri, na wenye nyimbo wakaja ndotoni kila mmoja kwa wimbo wake.

Jaribio moja linatisha kulisimulia. Alitaka kujua ndoto ingefanyaje mwotaji akifa, akajirusha kutoka juu ya mnara. Papo hapo alijikuta katika umati mbele ya kanisa, akitazama maiti ya mtu aliyesemekana kujitupa kutoka mnarani.

Maisha yake ya mchana yaliendelea kwa heshima. Mnamo 1862 alikuwa amechapisha tafsiri ya mashairi ya enzi ya Tang. Mnamo 1874 alirithi kiti cha Kichina katika Collège de France, kilichoachwa wazi na kifo cha Stanislas Julien, na mnamo 1878 akaingizwa katika Chuo cha Maandishi ya Kale na Fasihi. Alifariki jijini Paris mnamo Novemba 2, 1892.

Kitabu chake kiliadimika kiasi kwamba Sigmund Freud, alipotoa kazi yake maarufu kuhusu ndoto mwishoni mwa karne ya 19, alikiri kuwa alikitafuta asikipate. Wengi walishuku kama mtu aliyelala anaweza kweli kujijua. Shaka hiyo ilitikiswa mnamo 1975, mtafiti Keith Hearne alipoonyesha katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, kwamba mwotaji aliyejitambua aliweza kutoa ishara waliyopatana kwa kuyazungusha macho yake angali usingizini, mitambo ikinasa kila kitu. Stephen LaBerge alifanya vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka michache baadaye.

Kitabu kilichapishwa upya nchini Ufaransa mnamo 1964, na tafsiri fupi ya Kiingereza ikatoka mnamo 1982. Zile daftari 22 zilipotea.